Ndege Iliyotua Kabla ya Kufika

Safari hii niliifunga kwa sababu ya kikohozi, tena si changu. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kibanda cha mabati kando ya kiwanja kidogo cha ndege nje ya Kitengela, pale viwanda vinapoisha na nyumbu wanapoanza. Kazi yangu ni kitabu. Ndege ikiruka naandika saa, ikitua huko iendako naandika saa. Kutoka kwetu hadi kiwanja cha changarawe kilicho mbele ya Magadi, karibu na mpaka, ni kilomita mia na kumi kwa mstari ulionyooka, na ndege yetu huchukua dakika thelathini na nne. Kwa barabara ni saa saba, mvua ikikubali. Hesabu hiyo naijua kama jina la mama yangu, na sikuwa nimewahi kupanda ndege hata siku moja. Msinicheke. Mpishi wa harusi si lazima awe ameolewa.

Kule upande wa pili kulikuwa na mzee Mmaasai aliyelinda kiwanja. Jina lake sitaliandika, na sababu mtaijua tukifika. Kila Jumatano ndege ikipeleka dawa za zahanati yao, mimi nilimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Imeruka." Ikitua, yeye alinitumia wake, maana kule ukipiga simu inakatika, lakini ujumbe wa sauti unapenya. "Kitengela, imetua salama. Asante." Basi. Hakujua jina langu, aliniita Kitengela kama vile mji wote ni mimi. Hatukuwahi kuonana, lakini nilimzoea kama jirani anayepita kila asubuhi.

Kisha dakika zikaanza kupungua. Jumatano moja ujumbe wake ulifika dakika ya ishirini na mbili. Nikaandika hivyo hivyo, nikidhani ni upepo. Jumatano iliyofuata, ishirini na mbili tena. Zikafika Jumatano tano. Mwenye kiwanja chetu, Baba Shiku, mtu wa Murang'a asiyepoteza neno, akaja kibandani na kitabu mkononi.

"Rubani anasema thelathini na nne. Wewe umeandika ishirini na mbili," alisema. "Mmoja wenu ni mwongo, na rubani ako na saa ya ndege."

"Mimi naandika vile naambiwa na mzee."

"Basi huyo mzee ndiye mwongo. Kiwanja ambacho mlinzi wake anasema ndege imetua na bado iko juu, siku moja atasema hakuna ng'ombe na wako hapo katikati. Hiyo sibebi. Jumatano ijayo iwe ya mwisho."

Wueh! Mvua zilizopita, ndege hiyo ilimtoa huko mama aliyekuwa akivuja damu, na mtoto ndani, kwa muda usiofika saa moja. Kwa saa saba za barabara tungekuwa tunachangia mazishi mawili. Nikamwomba Baba Shiku aniache niende mwenyewe nikaone. Alinitazama, akaona sicheki, akakubali.

Jumapili alasiri baada ya kanisa nilikaa kitandani nikazisikiliza zile sauti tano moja baada ya nyingine, nikitafuta mahali mzee alipokosea. Kabla ya kusema alikohoa. Baada ya kikohozi, kengele ya mbuzi ikalia mara mbili. Halafu, "Kitengela, imetua salama. Asante." Nikafungua ya pili: kikohozi, kengele mara mbili. Ya tatu, kikohozi kile kile, kengele ile ile, na yule mbuzi, naapa, akitikisa kichwa kwa mwendo ule ule. Nilipofika ya tano nywele za shingo zilikuwa zimesimama. Shindwe! nilisema peke yangu chumbani. Mimi ni Mkamba, na watu wa hapa wakitaka kututania hutuuliza habari za uchawi. Siku hiyo ningetaniwa ningepiga mtu.

Jumatano, saa nne kasoro dakika tano, nilitoka kibandani na simu ya kazi mkononi. Nilirekodi "Imeruka" wakati injini inaunguruma, ila sikusema kwamba nami nimo ndani. Rubani wetu, Kapteni Njoroge, alinifunga mkanda huku akicheka. Saa nne kamili magurudumu yaliachana na ardhi, nikaituma. Nilifumba macho nikaimba wimbo wa kanisa, ubeti wa kwanza tu, kwa sababu ule wa pili ulitoroka.

Dakika ya nane nilifumbua. Mabati ya Kitengela yalikuwa yameisha. Upande wa kulia ulikuwa mlima wa Ngong, na chini nchi kavu ya rangi ya gunia, yenye boma moja hapa na jingine mbali kule. Kivuli chetu kilikuwa kikikimbia chini, kidogo, peke yake, bila kugusa chochote. Tulivuka ile barabara ya Magadi karibu na Oltepesi, nikaona lori moja limesimama katikati ya njia na hakuna mtu kando yake. Kisha nchi ikakatika ghafla, ikashuka kwenye bonde, na joto likatupiga kutoka chini. Mbele yetu magadi yalianza kung'aa, meupe na mengine mekundu kama maji ya kuoshea nyama, na hakukuwa na kitu kilichosogea popote, hata ndege wa Mungu.

Dakika ya ishirini na mbili simu ilitetemeka mapajani mwangu.

Nilitazama saa. Nikatazama nje: magadi matupu, futi elfu kadhaa chini yangu. Nikaisogeza simu kwenye sikio, ndani ya ile headseti ya kuzuia kelele, nikabonyeza. Kikohozi. Kengele, kengele. "Kitengela, imetua salama. Asante."

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa juu, nimefungwa mkanda, na mtu ananishukuru kwamba nimeshafika. Niliwaza mambo ya kijinga: kwamba labda ndege imetua kweli na hii iliyobaki hewani ni kitu kingine, na sisi wawili tuliomo hatujaambiwa. Nilijifinya mkono na nikasikia uchungu, nikamshukuru Mungu kwa uchungu huo.

"Kapteni, tuko wapi?"

"Bado dakika kumi na mbili. Kwa nini unanishika mkono hivyo? Nauhitaji."

Saa nne na dakika thelathini na moja alielekeza kidole kwenye kilima kirefu kilicho kando ya kiwanja. "Si huyo mzee wako? Kila Jumatano namwona hapo juu, sijui kwa nini siku hizi hashuki kunisalimia." Nilitazama. Kwenye ukingo wa kilima alisimama mtu mrefu mwembamba, amesimama kwa mguu mmoja kama wafugaji wanavyopumzika, shuka lake jekundu likipepea. Moyo wangu ulitulia. Yuko hai, ana kiburi tu, nikasema, na leo atanieleza.

Saa nne na dakika thelathini na nne, tulitua. Niliandika hapo hapo.

Kiwanja kilikuwa kitupu na kisafi. Mtu alikuwa amekokota tawi la mwiba toka mwanzo hadi mwisho kulainisha changarawe, na alama zake zilikuwa mbichi. Injini ilipozimwa, kimya kilinibana masikio. Wanawake watatu walikaa chini ya mgunga na watoto wa kliniki, na kijana mwenye koti jeupe alikuja kupokea masanduku. Ndiye Parsaloi, anayeshughulikia zahanati yao.

"Supa," nilimsalimia, Kimaasai changu kikiishia hapo.

"Ipa. Karibu, madam."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Niligeukia kilima, nikaweka mikono mdomoni, nikaita jina la mzee kwa sauti yote ya mtu aliyelelewa Machakos akiita watu ng'ambo ya mto. Mara ya kwanza, hakuna. Nikaita tena. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake masikio kwa viganja. Mwingine aliinuka akaenda zake bila kutazama nyuma. Na yule mtu juu ya kilima hakugeuza hata kichwa.

"Madam," Parsaloi alisema polepole, "hiyo jina usiite."

"Kwani nimekosea? Si ndiye yule pale?"

"Hayuko."

"Namwona, Parsaloi!"

"Hiyo ni shuka. Iko kwa mti, ule mti ulikauka. Mwenyewe hayuko. Wiki ya sita sasa." Alitazama chini. "Huku kwetu mtu akienda, jina yake inaenda na yeye. Hatuiti. Hata ndugu yangu mdogo alikuwa na jina hiyo, akapewa ingine."

Kapteni alivua kofia. Kumbe kila Jumatano alipouliza alijibiwa "hayuko," akadhani ni adabu ya kusema mzee hataki wageni. Mimi nilikaa juu ya sanduku la chanjo ambalo sikupaswa kulikalia. Lile jina nililokuwa nimelipigia kelele lilikuwa bado liko hewani, au ndivyo nilivyohisi, na kila mtu pale alikuwa akingoja litue mahali.

"Kama hayuko," nilisema, "nani amenitumia sauti yake nikiwa juu ya Magadi?"

Parsaloi alibeba sanduku, akaniambia, "Twende kwa yeyo," yaani mama, mke wa mzee.

Saa tano hivi tulimaliza kupanda kilima. Ng'ambo yake, mahali ambapo kiwanja hakionekani kabisa, ilikuwa nyumba ya mabati, na mbele yake jiwe kubwa lenye simu juu. Hapo peke yake ndipo mtandao unapatikana. Kando ya jiwe aliketi mama mzee aliyenyolewa kichwa, shanga zake zote amevua, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho. Nilijitahidi kumsalimia kwa adabu.

"Yeyo, takwenya."

Kichwa chake kiliinuka. "Kitengela," alisema.

Nilirudi nyuma hatua nzima. Alicheka kidogo, bila meno. "Hiyo sauti mimi najua. 'Imeruka.' Kila Jumatano miaka mingi nasikia. Kaa."

Nilikaa. Alipapasa simu yake, na nikaona ushanga mdogo umegundishwa kwa gluu pembeni mwa kioo, chini yake mwingine, kisha wa tatu, ili vidole vijue pa kubonyeza. Parsaloi alikiri kwamba yeye ndiye aliyezigundisha na kumfundisha. Ndani ya simu ulikuwa ule ujumbe wa mwisho ambao mzee alinitumia Jumatano ya mwisho ya uhai wake. Mama alikuwa akiutuma upya, ule ule, wiki baada ya wiki.

"Wakijua mlinzi hakuna, watafunga kiwanja," alisema. "Yeye aliniambia akiwa kwa kitanda, usiache kiwanja ikose mtu. Mimi macho hakuna. Nikaweka shuka kwa mti, rubani aone kuna mtu. Nikaweka sauti, Kitengela isikie kuna mtu. Parsaloi anafukuza mbuzi na kulainisha. Kuna makosa gani?"

"Yeyo, kosa ni saa. Unasema ndege imetua, na bado iko mbali. Leo mimi nilikuwa ndani yake."

Uso wake ulibadilika. "Mimi si mwongo," alisema kwa ukali. "Chai ikiiva, ndege imetua. Ni hivyo siku zote."

Akaeleza. Kwa miaka yote hiyo, nikituma "Imeruka," mzee alipanda kilimani kutazama kiwanja, naye mkewe alibandika sufuria ya vikombe kumi. Alichemsha maji, akatia maziwa, akangoja yapande, akayashusha, akayapandisha tena. Chai ilipoiva, magurudumu yaligusa chini, na mzee alitoka kilimani akanitumia ujumbe, akachukua thermosi akampelekea rubani. Walikuwa wakilicheka jambo hilo wawili hao. Mama hakuhitaji kuona wala kusikia. Ndege za watalii hupita huko siku nzima na zote zinanguruma sawa, lakini chai haikuwahi kumdanganya.

Niligeuza macho. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mafiga matatu, na jivu lake lilikuwa baridi, kuku wakililalia. Mbele ya mama, miguuni pake, palikuwa na meko, mtungi mdogo wa gesi mpya unaong'aa.

"Yeyo, hii meko nani alileta?"

"Msichana yangu, yule anakaa Kware, huko Rongai. Alikuja mazishi, akasema moshi inamaliza macho."

Nilimwomba abandike chai nyingine. Nikaishika saa. Tukakaa sisi watatu kando ya moto wa buluu, na chai ikaiva kwa dakika ishirini na mbili, si zile thelathini na nne za kuni. Nilianza kucheka, jamani, nilicheka hadi machozi, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba machozi hayakuwa ya kicheko tena. Tangu Jumapili nimekemea mapepo Kitengela nzima, na pepo lenyewe ni gesi ya kilo sita.

Nilipomweleza, mama alishika mtungi ule kama mtu anayemshika jirani aliyemsengenya.

"Sasa watafunga?"

"Sijui, Yeyo. Lakini ile sauti huwezi kuituma tena. Nikiandika kitabuni kwa neno la mtu ambaye hayuko, mimi ndiye nitakuwa mwongo."

"Wazee pia wakijua, watakasirika," alisema taratibu. "Wao wanasema mtu akienda aachwe aende. Jina yake mimi sijaita tangu hiyo siku. Lakini sauti si jina. Jumatano nilikuwa nangoja, ili nikitafuta ya kutuma, nisikie kidogo."

Nilimshika mkono, ulionuka majani ya chai na maziwa. Kapteni, ambaye alikuwa amepanda kilima kutufuata, ndiye aliyepata dawa. Alisema kuanzia Jumatano ijayo, kabla ya kutua, atazunguka mara moja juu ya nyumba hii, chini kabisa, mabati yatetemeke. Ndege ya watalii haifanyi hivyo. Mama akisikia hivyo atajua ni yetu, Parsaloi akitoka kiwanjani atapandisha habari ya kutua na saa yake, na mama atanitumia ujumbe kwa sauti yake mwenyewe. Mzunguko huo ungekula dakika mbili.

Saa saba mchana tulisimama kuondoka. Nilimwambia mama sere, kwaheri ya kwao, akanizuia kwa mkono.

"Kitengela, nikuulize. Nyinyi mkirudi, mnafikaga?"

"Tunafika wapi, Yeyo?"

"Kwenu. Ndege ikitoka hapa, inafika? Yeye alikuwa anakaa hapo kwa jiwe mpaka jua inaingia, anaangalia huko kwenu. Chai yake hakunywa, eti anangoja kujua kama imefika. Hakuna mtu aliwahi kusema."

Aibu iliyonishika siku hiyo siwezi kuipima kwa kilomita. Miaka kumi na mmoja yule mzee aliniambia imetua salama, kila Jumatano, bila kukosa. Na mimi, mwenye kitabu na kalamu na mtandao wa kutosha, sikuwahi hata mara moja kumrudishia neno hilo. Kitabu changu kina safu ya kutua kwao. Ya kutua kwetu naandika halafu nafunga, kwa sababu ndege naiona kwa macho yangu.

Saa saba na robo tuliruka. Nilitazama kilimani. Ule mti mkavu ulikuwa umesimama mtupu, mweusi, mkono mmoja juu. Chini yake mama alisimama akielekeza uso kwenye mngurumo wetu, na shuka jekundu alikuwa amejifunika yeye. Kurudi ni dakika arobaini na moja, kwa sababu unapambana na upepo wa mashariki. Hesabu hiyo pia nilikuwa nikiijua, ila sikuwahi kufikiri kuna mtu anayeikaa yote bila kujua mwisho wake. Juu ya Magadi niliishika simu kwa mikono miwili. Haikutetemeka.

Saa nane kasoro dakika nne tulitua Kitengela. Kabla ya kufungua mkanda nilibonyeza simu nikasema, "Yeyo, ni Kitengela. Imetua salama. Asante." Kisha nikashuka.

Baba Shiku alikuwa mlangoni mwa kibanda, mikono nyuma. "Haya. Umepata nini huko?"

"Nimepata meko," nilisema.

Nilimweleza yote, kuanzia sufuria hadi shuka. Alipoanza kusema habari ya mafuta ya dakika mbili, nilimfungulia ujumbe wa asubuhi ile, akasikia kikohozi, kengele, na ile asante. Sauti hiyo naye alikuwa ameisikia miaka mingi akipita kibandani. Alikaa kwenye stuli yangu, akatazama ukuta. Baadaye akasukuma kitabu upande wangu.

"Andika kuanzia Jumatano ijayo ni thelathini na sita," alisema. "Akiuliza mtu hizo mbili ni za nini, mwambie aniulize mimi."

Niliandika. Kalamu ilikuwa bado mkononi simu ilipotetemeka mezani. Ilikuwa nambari ile ile, na picha ya ng'ombe mweupe ambayo mzee aliiweka hapo. Nikaona Baba Shiku amerudisha stuli nyuma kidogo. Nilibonyeza. Hakukuwa na kikohozi. Kulikuwa na upepo, kengele ya mbuzi mara moja tu, na kitu kikimiminwa kikombeni.

"Kitengela," mama alisema, "nimesikia. Imefika. Sasa nakunywa yangu, na yake pia."